Simu ya laki mbili miaka 30, mamilioni ya kikundi faini: wajuzi wa sheria nielewesheni

#1 Mjomba_Makorora
Salaam wakuu. Naingia kwenye mada moja kwa moja maana kichwa kinaniuma.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaendesha bodaboda hapa Tanga mjini. Kakamatwa na simu. Mwenye simu ni dada mmoja aliyeporwa usiku maeneo ya Donge na vijana wawili waliokuwa kwenye pikipiki, mmoja ana panga. Kijana wetu anasema simu aliuziwa kijiweni kwa elfu sabini. Amesomewa unyang'anyi wa kutumia silaha, dhamana hakuna, yuko gereza la Maweni akingoja tarehe ya kutajwa.

Ukoo umekaa kikao. Wazee wanataka akiri tu, asiisumbue mahakama, hakimu atamhurumia. Mimi moyo unasita. Na kuna jingine linanikera: mtaani kwetu kuna mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, alikula mamilioni ya akina mama, akapelekwa mahakamani, akalipa faini, leo tunakunywa naye kahawa barazani. Simu ya laki mbili miaka 30, mamilioni faini. Hesabu hii kaipiga nani?

#2 Pweza_Mkavu
Ukiiba kidogo wewe kibaka, ukiiba sana wewe mheshimiwa. Uzi ufungwe.

#3 Karani_Mstaafu
Mjomba pole. Kabla watu hawajaanza mizaha, mwambie dada yako kijana ASIKIRI kwa ushauri wa kikao cha ukoo.

Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna faini, hauna kifungo cha nje, hauna "nimekuhurumia". Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema kifungo kisichopungua miaka 30, na viboko hakimu akipenda. Kisichopungua. Hakimu hata akilia machozi pale juu, hawezi kushuka chini ya hapo. Kukiri mapema hupunguza adhabu kwenye makosa ambayo sheria imeweka kikomo cha juu tu, mfano wizi wa kawaida ambao kikomo chake ni miaka 7: hapo hakimu anaweza kutoa miezi 6, anaweza kutoa faini, anaweza kumwachia kwa masharti. Kosa lenye kima cha chini halina uwanja huo.

Na akishakiri vizuri, rufaa ya kupinga hatia inafungwa. Anabaki na haki ya kulalamikia adhabu tu, iwe imezidi au haiko kisheria. Na miaka 30 iko kisheria.

#4 Bi_Ngamiani
Mbona mdogo wangu alikiri akapona? Alimpiga jirani wakigombea maji ya bomba, akakubali kosa siku ya kwanza, hakimu akampa kifungo cha nje, akafagia ofisi ya serikali mpaka muda ukaisha. Wazee wa Mjomba wasidharauliwe, wameona mengi.

#5 Karani_Mstaafu
Bi Ngamiani, heshima yako. Kesi ya mdogo wako ni shambulio. La kawaida kikomo chake ni mwaka mmoja, la kudhuru mwili miaka 5. Kifungo cha nje alichopata ni Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, inayogusa vifungo visivyozidi miaka 3. Ofisa wa huduma kwa jamii anaulizia mtaani huyu mtu anaishi wapi, ana tabia gani, anapeleka ripoti mahakamani. Tena kwa ugomvi wa majirani kama ule sheria inamruhusu hakimu kuhimiza mpatane na mlipane fidia, kesi ikaishia hapo. Sasa huwezi kumpeleka mwenye shtaka la panga kwenye mlango huohuo.

#6 Kaka_wa_Pongwe
Wakuu mie naomba niulize kitu cha kijinga. Hiyo miaka 30 si inahesabiwa mchana na usiku? Yaani 15?

#7 Pweza_Mkavu
Nilijua tu. Nilikuwa nahesabu ni ujumbe wa ngapi mtu ataleta mchana na usiku. Umekuja mapema leo.

#8 Nyapara_Mstaafu
#6 hakuna kitu kama hicho, na msiwadanganye watoto wa watu. Nimekaa ndani, sitasema kwa kosa gani. Siku ni siku, usiku wake ni wa kulala na kunguni.

Kilichopo ni msamaha wa theluthi moja kwa mwenye nidhamu, uko kwenye Sheria ya Magereza. Aliyefungwa miaka 3 anatoka baada ya miaka 2. Ndiyo maana watu wa nje wanamwona fulani karudi kabla ya muda, wanadhani usiku ulihesabiwa. Ukivuruga nidhamu, theluthi yako wanaipunguza. Kifungo cha maisha hakina theluthi, utaigawa vipi?

#9 Kaka_wa_Pongwe
Kwa hiyo 30 inakuwa 20. Si haba.

#10 Bi_Ngamiani
"Si haba"? Mwanangu wewe una umri gani? Miaka 20 mtu anaacha mke mbichi anarudi anakuta wajukuu wasiomjua.

#11 Mvuvi_wa_Sahare
Mimi nasikia unyang'anyi wa silaha hauingii kwenye theluthi. Jamaa yetu alifungwa na wenzake wa kosa lilelile na hesabu zake zilikuwa tofauti na anavyosema #8.

#12 Nyapara_Mstaafu
Unachanganya na parole, yaani kutolewa kumalizia kifungo nje kwa masharti. Bodi za Parole ni sheria ya 1994, mlango wake mwingine kabisa: kifungo cha miaka 4 kwenda juu, uwe umetumikia theluthi, bodi ikukubali. Huko ndiko wa silaha na wa dawa za kulevya walikotolewa kwenye orodha. Kisha kuna msamaha wa Rais, unakuja sikukuu za kitaifa, 26 Aprili na 9 Desemba, na kila mara tangazo linakuja na orodha ya makosa yasiyohusika. Unyang'anyi wa silaha haukosekani kwenye orodha hiyo.

#13 Mvuvi_wa_Sahare
Bado sijakubali, ila endelea.

#14 Mzee_wa_Usagara
Vijana mnalia na miaka 30. Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu ya 1963 ilikuwa na viboko 24, kumi na mbili za kuingilia, kumi na mbili za kutokea, "ukamwoneshe mkeo". Mwalimu alikuwa madarakani na hakuna aliyecheka. Ilipobadilishwa 1972 viboko vikatoka, 1989 vikarudishwa. Wakoloni hawakutufundisha sisi kuchapana, tulijua wenyewe.

Hapo ndipo jibu la Mjomba lilipo. Serikali ya wakati ule iliona mahakimu wanatoa adhabu za kubembeleza, huyu miezi 3, yule faini, kosa lilelile. Ikawafunga mikono. Mikono haijafunguliwa mpaka leo.

#15 Wa_Bagamoyo
Mzee wangu shikamoo. Ila watu wa Tanga na viboko mna historia, hata mapenzi yenu yana viboko 😂

#16 Bi_Ngamiani
Marahaba kwa niaba ya mzee. Na wewe wa Bagamoyo kamalizie kukausha ng'onda, wakubwa wanaongea.

#17 Mwanafunzi_Sheria
Turudi kwenye mada. Mjomba umeuliza kwa nini mhasibu alilipa faini. Inategemea alishtakiwa kwa kosa gani, na hapa watu wanachanganya.

Kama ni wizi wa mtumishi, yaani mwajiriwa kumuibia mwajiri wake, kikomo ni miaka 10. Wakala, miaka 10 pia. Kujipatia fedha kwa udanganyifu, miaka 7. Yote haya hayana kima cha chini, ndiyo maana hakimu anaweza kusema lipa faini, lipa na fidia. Kama ni rushwa, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ndiyo inayowachekesha watu: kupokea hongo, faini ya kuanzia laki 5 hadi milioni 1, au jela miaka 3 hadi 5, au vyote. Ubadhirifu, faini isiyozidi milioni 10 au jela isiyozidi miaka 7 au vyote. Hiyo "au" ndiyo kiti cha matajiri.

#18 Wakili_Kijiweni
#17 umeacha jambo kubwa. Mabadiliko ya 2016 kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, yaliweka miaka 20 mpaka 30 kwa makosa ya rushwa na ya kiuchumi, bila kujali sheria nyingine inasemaje. Kwa hiyo usiwaambie watu rushwa ni faini tu, kuna aliyepigwa 20 akidhani anaingia na laki 5 mfukoni. Mhasibu wa Makorora alipona kwa sababu ya hati ya mashtaka. Kosa likiandikwa kama wizi wa kawaida unaenda njia moja, likiandikwa uhujumu uchumi unaenda nyingine, na fedha ni zilezile.

#19 Pweza_Mkavu
Asante. Kumbe kalamu ya mwandishi wa mashtaka ndiyo yenye miaka.

#20 Mwanafunzi_Sheria
Sikuacha, nilikuwa sijafika huko 🙂 Lakini ndiyo, na 2019 ndiyo ilikolea. Septemba ile Rais Magufuli alimshauri Mkurugenzi wa Mashtaka awape nafasi wa uhujumu uchumi wanaotaka kurudisha fedha. Ofisi ikaja kutangaza washtakiwa 467 wameomba, na zaidi ya shilingi bilioni 107 zimeahidiwa kurudishwa. Mwaka huohuo makubaliano ya kukiri kosa yakaingia kwenye sheria.

Mjomba soma hapa kwa makini maana ndipo panapokuhusu: KUKIRI na MAKUBALIANO YA KUKIRI si kitu kimoja. Wazee wako wanazungumzia la kwanza. La pili wakili wa kijana anakaa na wakili wa serikali, wanakubaliana kosa libadilishwe liwe dogo, au mashtaka mengine yaondolewe, mlalamikaji anasikilizwa, inaandikwa, inasainiwa, inapelekwa mahakamani na hakimu anamuuliza mshtakiwa kama amekubali kwa hiari. Baadhi ya makosa hayaruhusiwi: uhaini, ugaidi, ya ngono yenye mtoto, dawa za kulevya za thamani ya zaidi ya milioni 20. Unyang'anyi wa silaha haumo kwenye katazo hilo.

#21 Mjomba_Makorora
Hapa nimeamka. Kosa linaweza kubadilishwa kuwa nini?

#22 Karani_Mstaafu
Kwa maelezo uliyotoa, kupokea mali ya wizi. Kikomo miaka 10, kima cha chini hakuna. Ila kwa kosa hilo atakuwa anakubali kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kuwa simu ni ya wizi. Kama hakujua, anakubali uongo ili atoke, na hilo ni lake yeye na wakili wake. Mimi siliingilii.

#23 Mama_wa_Mikanjuni
Mjomba pole sana. Mimi mume wangu alikiri. Hatukuwa na wakili, na mtu mmoja wa kituo nisichokitaja alimwambia "kubali upewe faini uwahi kwa watoto". Akasimama, akasema ndiyo. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo marefu ya jinsi kosa lilivyotendeka, mengine mume wangu alikuwa hayajui kabisa, akaulizwa ni kweli? Akasema ndiyo kwa sababu alishasema ndiyo ya kwanza. Hukumu ilitoka asubuhi ileile, mie niko sokoni Mgandini nauza bamia, naletewa habari na mtoto wa jirani.

Yale maelezo ya pili ndiyo kesi. Mtu akisikia jambo si la kweli pale aseme "hilo si kweli", hakimu ataandika kuwa amekana na kesi itaendelea kusikilizwa. Mume wangu hakuna aliyemwambia.

#24 Bi_Ngamiani
Mwenzangu pole. Sina neno.

#25 Wakili_Kijiweni
#23 pole mama. Na ulichokisema ndicho Mahakama ya Rufani inachokiangalia inapopokea rufaa za waliokiri: je, ukiri haukuwa na utata, je, maelezo yaliyosomwa yanatimiza vipengele vyote vya kosa. Kuna waliotolewa kwa sababu walijibu "ni kweli" na maelezo yenyewe hayakutaja mtu aliyetishwa wala silaha. Je, mlikata rufaa?

#26 Mama_wa_Mikanjuni
Tulichelewa. Tuliambiwa siku 10 zimepita.

#27 Karani_Mstaafu
Siku 10 ni za taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Rufaa yenyewe ni siku 45, na muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hauhesabiwi. Aliyeko gerezani anampa mkuu wa gereza taarifa yake, yeye ndiye anayeipeleka. Na mkichelewa kwa sababu ya msingi mnaomba Mahakama Kuu iongeze muda. Tanga tuna kanda ya Mahakama Kuu, huna haja ya kupanda basi kwenda Dar. Nenda kaulize masjala, usikubali jibu la mlangoni.

#28 Kaka_wa_Pongwe
Mimi nimekwama kwingine. Kijana anasema alinunua simu. Unyang'anyi unatokea wapi? Panga hakushika yeye.

#29 Mwanafunzi_Sheria
Unatokea njia mbili. Ya kwanza, kama wanadai ndiye aliyekuwa anaendesha pikipiki, sheria haimwiti dereva. Wenye nia moja wote ni watenda kosa, aliyeshika panga na aliyewasha injini wanakula miaka sawa. Ya pili, kukutwa na mali iliyoibiwa karibuni. Mahakama inaruhusiwa kudhani aliyekutwa na mali ndiye mwizi, mpaka atoe maelezo yanayoingia akilini. Masharti ni: mali imekutwa kwake kweli, ithibitike ni ya mlalamikaji, iwe imeibiwa karibuni, na iwe ndiyo iliyotajwa kwenye shtaka. Sasa "karibuni" kwa simu si sawa na "karibuni" kwa kitanda. Simu inapita mikono mitatu kwa wiki. Wakili mzuri anashika hapo.

#30 Mvuvi_wa_Sahare
Na mlalamikaji alimwonaje usiku? Donge kuna sehemu taa hazipo kabisa, mie napita na baiskeli naomba dua.

#31 Wakili_Kijiweni
Hiyo ni kesi ya Waziri Amani ya 1980, kila wakili wa jinai anaijua hata usingizini. Utambuzi wa usiku: mwanga ulitoka wapi na wa nguvu gani, walikuwa umbali gani, alimtazama kwa muda gani, alimjua kabla? Na kubwa zaidi, alipofika polisi mara ya kwanza alitaja jina au sura au nguo? Kama hakutaja kitu, halafu siku ya gwaride la utambulisho anamnyooshea kidole, utetezi unapumua.

Lakini usishangilie. Kama utambuzi ni dhaifu, upande wa mashtaka utaegemea simu.

#32 Pweza_Mkavu
Mie naona mnamzungusha Mjomba. Aliuliza KWA NINI. Mimi nasema kijana kabambikiwa ukubwa wa kosa. Wizi unadhaminika, kesi haina faida kwa mtu kama mshtakiwa yuko nyumbani. Ukiandika silaha, dhamana imekufa, familia inaanza kuuza mbuzi. Hapo ndipo watu wanakula.

#33 Mstaafu_Kota
Nimefanya kazi upande huo zamani, napinga. Hakuna aliyekaa kuvizia mbuzi wako. Mlalamikaji akisema "alinitishia kwa panga", mpelelezi aandike nini, "alimwonesha panga kirafiki"? Sheria yenyewe ni pana, na imepanuliwa kwa makusudi. Silaha si bunduki tu. Jiwe, fimbo, bisibisi, chupa iliyovunjwa, chochote cha kudhuru kikitumika kutishia mtu ili achukuliwe mali. Ndiyo maana makosa haya ni mengi.

#34 Bi_Ngamiani
Wote mnasema kweli na wote mnadanganya. Mie nilikuwa nafuatilia kesi ya kijana wa mtaa wetu Barabara ya 12. Kesi ilifutwa, mama yake kapiga vigelegele, kufika getini kijana kakamatwa tena, kosa lilelile, namba mpya. Hiyo nayo ni upana wa sheria?

#35 Mstaafu_Kota
Dada, kufutwa na kuachiwa huru ni vitu viwili. Shtaka likiondolewa kabla ya utetezi kusikilizwa, au upelelezi ukichelewa mpaka mahakama ikalifuta, mshtakiwa anaweza kushtakiwa upya. Akionekana hana kesi ya kujibu, au akishinda mwisho wa kesi, hapo ndipo hashikwi tena kwa kosa hilo. Vigelegele visubiri neno la hakimu.

#36 Pweza_Mkavu
Vigelegele visubiri neno la hakimu. Hii naiandika kwenye kanga.

#37 Mzee_wa_Usagara
Mimi bado nasimamia langu. Aliyekula fedha za kikundi hakumtisha mtu. Wanawake walilia, lakini hakuna aliyeona panga. Sheria inaadhibu hofu kuliko hasara. Mnyang'anyi anamfanya mtu asitoke nyumbani usiku, mhasibu anamfanya mtu asiweke akiba. Wabunge waliotunga walikuwa wanaogopa nini, wezi au majambazi?

#38 Mama_wa_Mikanjuni
Mzee wangu, na mwanamke aliyepoteza akiba ya ada ya watoto naye hatoki nyumbani, anaona aibu. Hofu ni hofu.

#39 Wa_Bagamoyo
Nimekuja tena, safari hii kwa adabu. Huku kwetu kuna kesi iliyofanana na hii, mmoja wa wale vijana alikuwa na miaka 17. Yule mkubwa alipelekwa gereza la Kigongoni, mdogo hakwenda. Nyie mna mahabusu ya watoto pale Tanga, ni mojawapo ya chache nchini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto hafungwi gerezani. Mpwa wako ana umri gani?

#40 Mjomba_Makorora
22, mkuu. Nashukuru ila meli hiyo imempita.

#41 Mwanafunzi_Sheria
Nimesahau dhamana. Makosa yasiyodhaminika yako kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 148: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa silaha, ugaidi, utakatishaji fedha, biashara haramu ya binadamu na mengine. Hakimu hakumnyima, hana mamlaka.

#42 Karani_Mstaafu
Angalizo la namba, mdogo wangu. Tangu Julai 2025 tunatumia toleo la sheria la 2023 na vifungu vingi vimepangwa upya. Mjomba asiende masjala kutaja 148, wakamtazama kama mtu wa zama za kale. Ataje jina la sheria na maneno, namba wataitafuta wao.

#43 Wakili_Kijiweni
Mahakimu wenyewe bado wanasema 148. Ulimi una mazoea.

#44 Mjomba_Makorora
Wakuu nimerudi, siku kadhaa nilikuwa nahangaika. Shukrani kwa wote. Tulipata msaidizi wa kisheria, akatupeleka kwa wakili wa msaada. Wakili kaonana na kijana Maweni. Kamwambia asikiri chochote mpaka amalize kusoma hati ya kukamata mali, anataka ajue kama mjumbe au shahidi wa pembeni alisaini siku simu inachukuliwa. Pia atafungua mlango wa makubaliano na wakili wa serikali, lakini hakuahidi. Kikao cha ukoo kimegawanyika, mjomba mkubwa amenuna, anasema tunaleta uzungu.

Kesi imetajwa juzi, upelelezi haujakamilika, imepigwa kalenda.

#45 Nyapara_Mstaafu
Mjomba mkubwa ataacha kununa. Peleka sabuni na mswaki siku ya kuona mahabusu, ndani vitu hivyo vina thamani kuliko sukari.

#46 Kaka_wa_Pongwe
Swali: alilipa hiyo elfu sabini kwa njia gani?

#47 Mjomba_Makorora
Elfu ishirini mkononi, hamsini alituma kwa simu. Kwa nini?

#48 Wakili_Kijiweni
Mjomba! Hilo ulikuwa umelificha wapi tangu ujumbe wa kwanza? Jina la aliyepokea liko kwenye kumbukumbu za mtandao, na tarehe. Wakili aiombe mahakama iamuru kampuni ya simu itoe taarifa hiyo. Kama tarehe ni baada ya uporaji, hadithi ya kununua inapata miguu, na polisi wana mtu mwingine wa kumuuliza.

#49 Mstaafu_Kota
Inaweza pia kuonesha aliwatumia wenzake mgao. Msikimbilie kusherehekea.

#50 Wakili_Kijiweni
Mgao hutoka kwa mwenye simu ya wizi kwenda kwa nani? Angekuwa mwenzao angepokea, asingetuma.

#51 Mstaafu_Kota
Au anawatoa wenzake ili simu ibaki yake. Nimeshaona.

#52 Mvuvi_wa_Sahare
Nyie wawili mkutane mahakamani. Mjomba, mpwa wako simu yake aliyotumia kutuma hela iko wapi sasa?

#53 Mjomba_Makorora
Polisi wanayo, walichukua zote mbili. Ila laini imesajiliwa kwa jina la dada yangu.

#54 Karani_Mstaafu
Basi kesho asubuhi dada yako aende na kitambulisho chake cha taifa ofisi ya mtandao, aombe taarifa ya miamala ya mwezi ule. Laini ni yake, hawana sababu ya kumnyima. Asisubiri amri ya mahakama.

#55 Kaka_wa_Pongwe
Na mchana na usiku je, tumemaliza?

#56 Pweza_Mkavu
Fungua uzi wako.